Koliflawa ya karai, ya kupalia au ya nazi: uchague ipi?

Mikoa ya kusini haikosi vitafunwa vya jioni. Mihogo ya kukaanga yenye kachumbari ipo kila kona, bagia zipo, chipsi zipo, na msimu wake ukifika ming'oko, ile mizizi ya porini, inachemshwa na kuliwa kwa chumvi na pilipili ya unga. Koliflawa ni mgeni kwenye orodha hiyo. Ni mboga ya baridi, inastawi Lushoto, Arusha na nyanda za juu za Iringa na Njombe, kwa hiyo Mtwara na Lindi tunaipokea ikiwa imeshasafiri sana. Hata hivyo imeshaingia majikoni, na njia iliyoipatia wapenzi wengi, hasa watoto, ni ile tunayoijua sote: ichovye kwenye rojo la unga, itose kwenye karai, itoke na rangi ya dhahabu.

Hapo ubishi unaanza. Mmoja anasema hii ni mboga, kwa hiyo ule mpaka ushibe. Mwingine anasema kitu kikishapita kwenye mafuta hakistahili tena kuitwa mboga. Kila mmoja ana ukweli wake kidogo. Nimezichukua njia tatu zinazowezekana kwa jiko la kawaida la huku: kukaanga kwa mafuta mengi, kuoka (kwa oveni, kwa eafraya, yaani jiko la umeme la hewa ya moto, au kwa kupalia makaa), na kupika kwa mvuke kisha kuunga na tui la nazi. Zote nitazipitisha kwenye vipimo vilevile.

Tunapima nini

Kwanza ni nishati na mafuta: kalori ngapi zinaingia sahanini, na mafuta yenyewe ni ya aina gani. Pili, kinachobaki cha mboga, yaani vitamini na nyuzinyuzi zilizosalimika motoni. Tatu, chakula kinavyokaa tumboni na mwilini, hasa kwa wenye presha, kisukari, kiungulia au matatizo ya figo. Nne, jiko na mfuko, maana ushauri wa lishe unaodai oveni kwa mtu mwenye jiko moja la mkaa hauna msaada. Ladha nimeiacha nje kwa makusudi. Hapo karai lingeshinda kabla mchezo haujaanza.

Na kabla ya moto, tujue mboga yenyewe ina nini. Gramu 100 za koliflawa mbichi, kama kikombe kimoja kilichojaa vipande, zina kalori 25 hivi. Asilimia 92 ni maji. Zimo gramu 5 za wanga, gramu 2 za nyuzinyuzi, karibu gramu 2 za protini, na miligramu 48 za vitamini C, ambazo ni zaidi ya nusu ya mahitaji ya mtu mzima kwa siku. Ipo pia foleti, ile vitamini ambayo wajawazito huipata kwenye vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa kliniki. Ila vitamini A karibu haimo kabisa, na madini ya chuma ni haba. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba koliflawa inaweza kukaimu nafasi ya kisamvu, mchicha, matembele au majani ya maboga. Ni mboga nzuri yenye kazi yake, lakini kazi ya majani ya kijani haiiwezi.

Ya kukaanga kwa mafuta mengi

*Nishati na mafuta.* Tufanye hesabu ya mezani. Chukua gramu 100 za vipande, kalori 25. Vichovye kwenye rojo lililotumia gramu 30 za unga wa ngano: hizo ni kalori 110 nyingine. Vikitoka kwenye karai vimebeba gramu 15 za mafuta, ambazo zinazidi kidogo tu kijiko kikubwa kimoja, ongeza kalori 135. Jumla 270. Kile kilichokuwa na kalori 25 kimezidi mara kumi, na mboga yenyewe haikuchangia hata sehemu ya kumi ya jumla hiyo. Mla koliflawa ya kukaanga, kwa hesabu ya nishati, anakula unga na mafuta vyenye koliflawa ndani.

Hesabu hiyo hupanda au kushuka kutegemea mkono wa mpishi, na hapa inafaa tukae kidogo. Kipande kikiingia kwenye mafuta ya moto, kati ya nyuzijoto 170 na 180, maji yaliyo ndani yanageuka mvuke na kutoka kwa nguvu; ndiyo yale mapovu unayoyaona. Mvuke ukiwa unatoka, mafuta hayapati nafasi kubwa ya kuingia. Mengi yanaingia baada ya kuopoa: kipande kinapoa, mvuke uliobaki ndani unasinyaa, na mafuta yaliyobaki juu ya ngozi yananyonywa ndani. Ndiyo sababu koliflawa iliyorundikwa kwenye bakuli ikiwa ya moto hulowa mafuta hata kama karai lilikuwa sawa. Iopoe kwa kijiko cha matundu, itikise juu ya karai, kisha itandaze kwenye chujio au waya, isilaliane. Karatasi safi inasaidia kufyonza. Gazeti achana nalo, wino wake si kiungo.

Mafuta yasiyopata moto yana kosa la upande mwingine. Rojo linachelewa kushika, kipande kinakaa humo muda mrefu, kinatoka kimelegea na kizito. Wapishi wa bagia wana kipimo chao: dondosha tone la rojo. Likizama na kulala chini, subiri. Likiibuka papo hapo likizungukwa na povu dogodogo, tia. Likigeuka kahawia kabla hujageuza shingo, punguza moto. Na usijaze karai. Vipande vingi kwa mkupuo mmoja vinapoza mafuta, unarudi kule kule.

Aina ya mafuta nayo ina hesabu yake. Mafuta ya mawese, ambayo ndiyo yamejaa madukani kwa kipimo, karibu nusu yake ni mafuta ya kuganda, yale yanayopandisha lehemu mbaya kwenye damu. Ya alizeti yana sehemu kama moja ya kumi tu. Ya ufuta, zao ambalo Lindi na Mtwara tunalivuna kwa wingi na kuliuza nje, yana kama asilimia 14 au 15. Ukisikia hivyo utasema alizeti ndiyo jibu, lakini mawese yana sifa ambayo hata wasioyapenda wanaikubali: yanastahimili moto mrefu. Alizeti inaharibika haraka ikirudiwarudiwa. Kwa hiyo ukikaanga nyumbani mara moja moja na mafuta huyarudii mara nyingi, alizeti ina faida. Ukiwa na karai linalowaka kutwa nzima, hesabu si rahisi hivyo.

*Kinachobaki cha mboga.* Hapa wengi wanashangaa. Kukaanga hakuiui mboga kama inavyosemwa. Ndani ya kipande, maadamu bado kuna maji, joto haliendi mbali zaidi ya nyuzi 100. Ngozi tu ndiyo inayopata moto mkali. Muda ni mfupi, na hakuna maji ya kumwaga yanayoondoka na vitamini. Sehemu ya vitamini C inapotea, ndiyo, lakini nyuzinyuzi zipo na madini yapo. Tatizo la koliflawa ya kukaanga ni vile vilivyoongezwa, kuliko vilivyopungua. Ukitumia unga wa dengu badala ya ngano, kalori hazipungui, ila protini inaongezeka kama mara mbili na nyuzinyuzi zinapanda. Mimi ningefanya hivyo hata kama afya isingekuwa hoja. Rojo la dengu linashika vizuri zaidi.

*Tumboni na mwilini.* Mwenye kiungulia au mawe kwenye nyongo atajua usiku huohuo, maana chakula chenye mafuta mengi hukaa tumboni muda mrefu na kulitumikisha nyongo. Mwenye presha aangalie chumvi: inatiwa kwenye rojo, inanyunyizwa juu, kisha inakuja na tomato ya chupa. Shirika la Afya Duniani linataka chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kwa kila kitu ulichokula toka asubuhi. Mwenye kisukari akumbuke kwamba wanga aliokuwa anaukimbia kwenye chipsi umeingia tena kupitia unga wa rojo, ingawa kwa kiasi kidogo.

Kuna pia akrilamaidi, kemikali inayojitengeneza yenyewe vyakula vya wanga vinapopikwa kwenye joto linalozidi nyuzi 120 bila maji. Tangu 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu, zaidi kutokana na majaribio ya wanyama. Huna haja ya kuogopa kila kipande. Rangi ndiyo mwongozo: dhahabu inatosha, ukifika kwenye kahawia iliyokolea umepitiliza.

La mafuta yaliyorudiwa ndilo linalonisumbua kuliko hilo. Mafuta yakipikwa tena na tena yanavunjika, yanakuwa meusi, yananata, yanatoa povu lisilotulia, na yanaanza kufuka moshi mapema kuliko yalipokuwa mapya. Kuongeza mapya juu ya ya zamani hakuyafufui; ya zamani yanayaharibu mapya. Nyumbani, yakipoa yachuje yale makombo, yaweke kwenye chombo chenye mfuniko mbali na jua, na yakionyesha dalili hizo yaage. Jambo jingine la pwani: mafuta yaliyokaanga samaki au kamba yasitumike kumkaangia mtu mwenye mzio wa vitu hivyo. Mabaki yake hayaonekani kwa macho.

*Jiko na mfuko.* Unahitaji karai, jiko lolote, na mafuta ya kutosha kuzamisha vipande. Moto haudumu muda mrefu, dakika nne hadi sita kwa mkupuo. Gharama kubwa ni mafuta yenyewe, na ndiyo inayowashawishi watu kuyarudia.

*Inamfaa nani.* Kijana mwenye afya anayeila mara moja moja. Mtoto mwembamba anayesumbua kula, kwani tumbo lake ni dogo na anahitaji nishati nyingi kwenye chakula kidogo. Familia inayojaribu kuwazoesha watoto mboga mpya; ganda linalokatika kwa sauti humshawishi mtoto kuliko hotuba yoyote.

Ya kuoka au kupalia

Usisome neno kuoka ukadhani lazima uwe na oveni. Bibi zetu walioka mikate ya kumimina kwa sufuria, mfuniko wa bati, makaa machache chini na mengi juu. Koliflawa inakubali njia hiyohiyo: paka vipande mafuta kidogo, chumvi kidogo, manjano na kitunguu saumu, vitandaze kwenye sufuria pana, funika, palia. Siri ni makaa mengi yawe juu. Yakizidi chini, utapata vipande vilivyoungua tako na vibichi kichwani.

*Nishati na mafuta.* Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta, gramu 14 hivi, kinatosha kupaka gramu 200 za vipande. Kila gramu 100 inabeba basi gramu 7 za mafuta, kalori 63, jumla 88 pamoja na mboga. Hiyo ni theluthi ya ile ya karai. Na kwa kuwa mafuta unayoyatumia ni kidogo na hayarudiwi, hapa unaweza kumudu yale mazuri: ya ufuta, ya alizeti, hata ya karanga.

*Kinachobaki cha mboga.* Joto kavu la muda mrefu, dakika 25 hadi 30, linapunguza vitamini C kuliko mvuke. Lakini hakuna kinachomwagwa, na maji yakipungua ladha inakolea, koliflawa inakuwa na utamu fulani wa njugu ambao iliyochemshwa haiupati. Kingo zinazogeuka kahawia ni sawa. Zilizogeuka mkaa zikate.

*Tumboni na mwilini.* Nyepesi kwa mwenye kiungulia. Kwa mwenye kisukari ndiyo njia rahisi zaidi kusimamia, maana hakuna unga. Tumbo kujaa gesi bado litakuwepo kwa baadhi ya watu: koliflawa ina sukari ambazo utumbo mwembamba hauzimengenyi, zinafika kwenye utumbo mpana na bakteria wanazichachusha. Hilo linahusu njia zote tatu, tofauti ni kwamba iliyoiva vizuri inasumbua kidogo kuliko iliyo nusu mbichi.

*Jiko na mfuko.* Mafuta unaokoa, moto unatumia. Makaa ya kupalia si machache, na oveni ya umeme inakula yuniti. Eafraya inatumia umeme kwa muda mfupi zaidi na ganda linakaribia la karai, ila bei ya kuinunua si ya kila nyumba na inapika kidogo kidogo. Familia ya watu wanane itakula kwa zamu. Gesi inachimbwa hapahapa Mnazi Bay na Songo Songo, lakini mitungi yetu ya jikoni ni ya gesi nyingine inayoletwa kwa meli, kwa hiyo ujirani huo haujatusaidia kwenye bei ya mtungi.

*Inamfaa nani.* Anayepunguza uzito lakini hataki chakula cha hospitali. Mwenye kisukari au lehemu iliyopanda. Asiyeweza kupata mafuta mapya kila mara.

Ya mvuke, kisha ya nazi

Hii ndiyo watu wengi wa pwani wangesema ni salama bila kufikiri, na mimi hapa nina neno.

*Nishati na mafuta.* Ikipikwa kwa mvuke na kuishia hapo, hakuna inayoifikia: kalori zilezile 25 kasoro. Lakini ni nani wa Mikindani au Lindi mjini atakayeipeleka mezani hivyo? Tutatia nazi. Na tui zito, lile la kwanza lisilotiwa maji mengi, lina kalori kama 230 kwa gramu 100, gramu 24 zake mafuta, na karibu gramu 21 kati ya hizo ni mafuta ya kuganda. Ukitia gramu 50 za tui hilo kwa kila gramu 100 za koliflawa, umefika kalori 140. Bado ni nusu ya ile ya karai, sawa. Angalia sasa mafuta ya kuganda: gramu 10 na nusu. Ile ya karai, kwa mafuta ya mawese, ina gramu saba na nusu. Kwa alizeti, gramu moja na nusu tu.

Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta ya kuganda yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu anayekula kalori 2,000 hiyo ni gramu 22. Sahani moja ya koliflawa yenye tui zito imekaribia nusu yake, na bado hujala wali wa nazi na mbaazi za nazi vilivyo pembeni. Sisemi tuache nazi, nani angenisikiliza? Tumia tui la pili, lile jepesi, na kama unataka uzito wa mchuzi saga korosho chache. Korosho nazo zina kalori nyingi, 550 na ushei kwa gramu 100, ila mafuta yake mengi si ya kuganda na zina protini gramu 18. Kiganja kimoja kwa sufuria nzima kinatosha.

*Kinachobaki cha mboga.* Mvuke wa dakika sita au saba ndio unaohifadhi vitamini C vizuri zaidi. Kuchemsha kwenye maji mengi kunaihamishia kwenye maji, pamoja na foleti na vile viambata vya salfa vinavyoipa jamii ya kabichi sifa yake. Ukipika moja kwa moja kwenye mchuzi na kuunywa mchuzi, hasara ni ndogo. Na usiipike mpaka ilale: koliflawa iliyopitiliza inatoa harufu ya yai viza, na watoto hawataisahau.

*Tumboni na mwilini.* Laini kwa mzee asiye na meno, kwa mgonjwa anayeanza kula, kwa mtoto aliyeanza vyakula vya familia. Kuna kundi moja ambalo ushauri wake unageuka: mwenye ugonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu. Huyo achemshe kwenye maji mengi na ayamwage, apoteze vitamini kidogo apunguze potasiamu, na aachane na mchuzi wa nazi maana tui nalo lina potasiamu.

*Jiko na mfuko.* Sufuria moja, jiko moja, moto mdogo. Nazi huku si ya kutafuta. Kwa mfuko, njia hii ndiyo nafuu kuliko zote.

*Inamfaa nani.* Wazee, wajawazito wanaotaka foleti bila kichefuchefu cha mafuta, wenye presha wanaojua kujizuia na vipande vya mchuzi vya dukani, ambavyo vimejaa chumvi.

Swali ambalo njia zote tatu hazilijibu

Inachukua nafasi ya nini sahanini? Hili lina uzito kuliko yote niliyoandika hapo juu. Koliflawa ya kukaanga ikichukua nafasi ya chipsi au muhogo wa kukaanga, umefaidika: muhogo mbichi tu, kabla ya mafuta, una kalori 160 na gramu 38 za wanga kwa gramu 100, wakati koliflawa ina wanga gramu 5. Hata ukiongeza unga wa rojo, wanga bado unabaki chini. Lakini ikichukua nafasi ya kisamvu au mchicha pembeni ya ugali, umepoteza vitamini A na chuma, ukapata mafuta. Sahani ileile, matokeo mawili. Na kama mtu anategemea muhogo kushiba mpaka kesho asubuhi, koliflawa haitamshikilia. Huyo asiambiwe abadilishe.

Kwa hali yako

Kama una presha au lehemu imepanda, chagua kupalia kwa mafuta ya ufuta au alizeti. Ukitamani ya nazi, tui la pili. Ukitamani ya karai, iwe ya nyumbani, mafuta mapya ya alizeti, chumvi kwenye rojo tu, na ndimu badala ya tomato ya chupa.

Kama una kisukari, kupalia au mvuke. Ukialikwa mahali na ya karai ndiyo iliyopo, kula vipande vichache pamoja na kachumbari na samaki, punguza wali siku hiyo.

Mama mwenye mtoto wa miaka miwili au mitatu asiyeongezeka uzito asiogopeshwe na neno mafuta. Ya kukaanga kwa rojo la dengu na yai, chumvi kidogo, imekatwa vipande vidogo visivyomkaba, ni chakula halali kwake, pamoja na majani ya kijani na dagaa. Mafuta yawe mapya. Kwa mtoto ambaye tayari ana uzito mkubwa, na hawa wanaongezeka mijini, ipaliwe.

Mjamzito mwenye kiungulia cha miezi ya mwisho: mvuke, sehemu ndogo ndogo. Vidonge vya kliniki aendelee navyo, koliflawa haivibadili.

Mama lishe anayetaka kuiongeza kwenye meza yake afikirie karai kwanza, kwa sababu ndilo linalouza, ila atenge la mboga na la samaki. Vipande vikubwa vinabeba mafuta machache kwa uzito uleule kuliko vidogo, na unapunguza gharama humohumo. Mteja naye ana haki ya kuchungulia: mafuta meusi yenye povu zito na moshi wa kukwaruza koo yanajieleza yenyewe, pita meza inayofuata.

Na kabla ya njia yoyote, angalia koliflawa iliyofika. Barabara ya kwetu ina mambo yake; Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoleta mafuriko yaliyokata barabara upande wa Somanga, magari yalikwama, na mboga za baridi hazivumilii kukwama. Kichwa kizuri ni kizito, kimeshikana, na majani yake bado mabichi. Hayo majani usitupe, yakatekate uyaunge kama sukuma wiki, yana kalisi kuliko kichwa chenyewe. Madoa machache ya kahawia yakwangue. Kikiwa kinateleza au kinanuka, mwachie muuzaji. Loweka vipande kwenye maji ya chumvi kwa dakika chache, viwavi hujificha ndani kabisa, kisha suuza. Na kama ni ya kukaanga, ikauke kabisa, maana maji kwenye karai la moto yanarusha mafuta usoni.

Siku ambayo vichwa vyote sokoni vimechoka, nunua kabichi. Ni ndugu wa damu, ina kalori zilezile 25 na vitamini C miligramu 37 hivi kwa gramu 100, bei yake ni ya kawaida, na inakubali kuwa bagia za dengu, kupaliwa kwa vipande vinene, au kuungwa na tui la pili.